Bata wa bwawani asiye na mwenyewe: dalili unazoziona na zinakotoka

Shimo lililo nyuma ya mtaa wetu hapa Tanga lilichimbwa kutoa kifusi cha barabara. Masika yakalijaza, halikukauka, tukaanza kuliita bwawa. Kambale walikuja wenyewe, perege walitiwa na watu, bata huletwa usiku. Asubuhi unakuta watatu weupe wamesimama ukingoni wanageuza vichwa huku na huku, kama abiria walioshushwa kituo kisicho chao. Mwenyewe kahama nyumba, au kachoka kufagia kinyesi uani, au aliwanunua kwa sikukuu watoto wakalia wasichinjwe. Akajisemea: bata ni ndege wa maji, nikimpeleka kwenye maji atajijua.

Hajijui. Bata mweupe wa kufugwa ametokana na bata mwitu wa nchi za kaskazini, mwenye uzito wa kilo moja na kitu. Huyu wetu amechaguliwa kizazi kwa kizazi mpaka akafika kilo tatu na zaidi, na mabawa hayakumfuata. Bata mwitu akiona maji yananuka hupaa akaenda zake. Huyu mweupe anabaki na kilichopo mpaka kimuue.

(Wageni huuliza mbona hawajaliwa. Kwetu mali isiyo na mwenyewe huogopwa kuliko yenye mwenyewe: huyu anasema ni haramu, yule anasema wamewekewa kago. Sijawahi kubisha. Imani hiyo imewalinda kuliko mgambo.)

Nauza dawa za mifugo Ngamiani, kwa hiyo "nimpe dawa gani?" ndilo swali la kutwa. Kwa bata wa bwawani jibu langu huwakera wateja, kwa sababu mara nyingi linaanza na swali: maji yakoje? Halafu: watu wanarusha nini? Halafu: kuna wavuvi? Halafu: madume wangapi? Ugonjwa nauulizia mwisho. Anayekimbilia OTC, ile antibayotiki ya mifugo, kabla ya kujibu hayo ananipa hela yake bure, na mimi si tajiri wa kuikataa, lakini nimeona haya kuipokea.

Kabla ya kumkamata

Simama mbali dakika kumi. Nani anakula na nani hali? Nani kajitenga? Nani anaelea chini kuliko wenzake? Bata ni fundi wa kuficha maradhi. Akishaacha kukuficha, amechelewa.

Ukihitaji kumshika, usimfukuze majini, utamchosha na utazama wewe. Mzoeze kula nchi kavu jioni mbili tatu, mahali pamoja, kisha watu wawili wamsogeze taratibu kwenye kona ya ukuta au chandarua kuukuu. Mbane mabawa mwilini kwa kanga, kifua kikae juu ya mkono wako, kichwa kitazame nyuma yako, kwa maana upande wa mkia kuna zawadi. Usimninginize kwa miguu kama kuku wa sokoni. Miguu ya bata ni dhaifu, huvunjika na kuteguka upesi, na nusu ya "vilema" ninaoletewa wamepata kilema chao njiani wakija kwangu.

Uso umejaa vinundu vyekundu

Hii si ndui. Bata mwenye nyama nyekundu zenye vinundu kuzunguka macho na mdomo ni wa asili ya Amerika ya Kati na Kusini, ni ukoo tofauti kabisa na wale weupe, na ndiye anayefugwa sana vijijini kwetu. Ndivyo alivyozaliwa. Dume lake halipigi kelele, hutoa sauti ya pumzi kama tairi linalovuja, usimtibu pumu. Na akionekana chakavu, amedondosha manyoya yote makubwa ya mabawa kwa pamoja, lakini anakula na macho yanang'aa, anabadilisha manyoya tu. Mwache, mwongezee dagaa.

Shingo imelala, miguu haifanyi kazi

Hii ndiyo iliyotuulia wengi, na ndiyo inayodhaniwa uchawi. Mwezi wa pili, kaskazi imekaza, bibi mmoja jirani aliingia dukani na bata kamviringisha kwenye kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu mtazame huyu, tangu jana hainui kichwa. Kapigwa na jini la bwawani."

Nikamlaza juu ya kaunta. Macho yalikuwa nusu wazi, na ile ngozi nyembamba ya ndani ya jicho, ipitayo kama pazia, ilikuwa imefunika jicho haikurudi. Nilipomwinua kifua, miguu ilining'inia. Shingo iliteremka ukingoni mwa kaunta kama soksi iliyolowa. Lakini fahamu alikuwa nazo: nilipogonga ubao kwa ukucha, jicho lilisogea. Hana kidonda, hana joto, hajakonda, kifua kimejaa nyama. Nikamuuliza bibi maji yamefikia wapi. "Yamerudi nyuma sana, na kuna visamaki vimekufa matopeni, harufu mpaka jikoni kwangu."

Basi. Kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum ambaye hulala kwenye tope miaka mingi bila kumsumbua mtu. Maji yakipungua na kupata joto, majani na samaki wakaoza mpaka oksijeni ikaisha, huamka na kutengeneza sumu. Bata akila uozo huo, sumu hukata amri ya neva isifike kwenye msuli. Huanza miguu, kisha mabawa, kisha shingo. Wengi hufa kwa kuzama, kichwa kikiwa majini na nguvu ya kukiinua hakuna. Wengine pumzi huwakatikia.

Kinachofuata ndicho kinachomaliza kundi. Inzi hutaga kwenye mzoga, funza hukusanya sumu ndani yao bila kudhurika, na bata mzima huwaokota funza kama mtoto aokotavyo karanga. Naye anakuwa mzoga. Ndiyo maana kazi ya kwanza si kumhudumia mgonjwa. Kazi ya kwanza ni mizoga: bata, samaki, panya, chochote. Vaa glavu, zunguka ukingo wote mpaka kwenye magugu, kila siku asubuhi na jioni, choma au zika chini kabisa mbwa asifukue. Jioni ile vijana wa mtaa walitoa ndoo mbili za perege waliooza na bata watano.

Mgonjwa mtoe majini, mweke kivulini juu ya gunia, shingo iegemee kwenye kanga iliyokunjwa ili mate yasimzibe. Akiweza kumeza, mdondoshee maji safi ncha ya mdomo, tone kwa tone. Asipomeza usimmiminie, yataingia mapafuni. Hapo anahitaji mtu wa mifugo mwenye mrija. Antibayotiki haiondoi sumu ambayo tayari iko mwilini. Dawa ya kuizima sumu hiyo ipo duniani, kwenye rafu yangu haijawahi kukaa. Aliyelemewa miguu tu mara nyingi husimama baada ya siku chache akipata maji na utulivu. Bata wa bibi aliinua kichwa siku ya tatu. Wa pili, aliyeletwa jioni ile ile, hakufika asubuhi.

Kuna kitu kinachofanana na hiki kwa mbali: risasi. Si ya bunduki, namaanisha chubwi za mvuvi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi. Bata humeza vijiwe ili kusaga chakula kwenye firigisi, na chubwi ndogo machoni pake ni kijiwe kizuri. Firigisi inaisaga, risasi inaingia kwenye damu. Tofauti utaiona hivi: mwenye sumu ya tope huanguka ghafla akiwa mnene, mwenye risasi hunyauka polepole, kifua kinabaki mfupa kama kisu, mabawa yanalegea, kinyesi kinakuwa kijani kibichi. Huyo ni wa daktari wa mifugo, na mapema, hakuna cha nyumbani kitakachomtoa risasi tumboni.

Ncha ya bawa imetoka nje

Bawa linaonekana kama mtu aliyekunja mkono akasahau kiganja nje. Manyoya makubwa ya ncha yamechomoka ubavuni badala ya kulala mgongoni, mara nyingi upande mmoja. Wanaoliona husema kapigwa jiwe. Mara nyingi hakupigwa. Alipokuwa kinda alilishwa chakula cha kunenepesha kupita kiasi, manyoya yakakua haraka na kuwa mazito kuliko kiungo cha bawa kilivyoweza kubeba, kiungo kikapinda. Kwa kinda, ukiliwahi katika siku za mwanzo, ukalikunja bawa mahali pake na kulifunga kwa bandeji laini kwa siku chache huku ukibadilisha chakula, hurudi. Kwa mkubwa ndiyo limekwisha. Halimuumi, ila hataruka kamwe. Usimkate.

Hapa ndipo ninapogombana na watu wema. Jumapili jioni familia zinakuja na boflo la jana, maandazi, chapati iliyokauka, na watoto wanafurahi. Mkate unamshibisha bata bila kumpa kitu, na kwa sababu ameshiba haendi kutafuta konokono na majani anayoyahitaji. Unaobaki unaoza majini, maji yanageuka kijani, panya wanahamia, na kaskazi ikifika lile tope la kule juu limeshaandaliwa. Siwafukuzi. Nimewazoesha kuja na chenga za mahindi, mpunga, mchicha uliokatwakatwa au dagaa wasio na chumvi, wamwage nchi kavu na si majini, kiasi kinachoisha kwa dakika kumi. Bata mkubwa akilishwa kila kitu na binadamu hula kama gramu 150 hadi 200 kwa siku; wa bwawani anajitafutia sehemu, kwa hiyo konzi moja kwa kila mmoja inatosha. Parachichi usimpe kabisa, ni sumu kwa ndege.

Anachechemea

Geuza mguu kabla ya kufikiria lolote. Mara nyingi utakuta mshipi wa nailoni. Mwaka jana nilimshika jike ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kama kidole gumba changu. Uzi haukuonekana, ulikuwa umezama ndani ya ngozi na nyama imeanza kuufunika. Nililowesha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, mke wangu akamshika, nikaufuata uzi kwa kibano cha nyusi na mkasi wa kucha, pindo moja baada ya jingine, mapindo manne, ukatoka na usaha. Usikubali kuuvuta kwa pupa. Na kama kuna ndoana, isukume mbele ncha itokee, ukate kijino chake kwa koleo, kisha uirudishe ilikoingilia. Ndoana iliyomezwa, mshipi ukiwa unaning'inia mdomoni, usiivute hata kidogo. Kata mshipi ukibakisha kipande cha kushikia, umpeleke kwa daktari.

Kama hakuna uzi, tazama nyayo. Kidonda cha duara chenye kigamba cheusi katikati, pamevimba na pana joto, hutokea kwa bata mzito anayesimama kutwa juu ya kokoto au saruji. Mkwaruzo mdogo huingiza vijidudu. Kikiwa kichanga, osha, paka dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia, mkalishe kwenye nyasi kavu wiki mbili. Kikiwa kimeingia ndani ni kazi ya kisu, nayo si yako.

Kinda mwenye miguu ya upinde, anayetembea kwa magoti, ni habari nyingine. Huyo amekosa vitamini iitwayo nayasini. Kinda wa bata anahitaji miligramu 55 kwa kila kilo ya chakula, wakati wa kuku wa nyama anatosheka na 35. Ndiyo maana chakula cha vifaranga wa kuku kinaweza kumlemaza bata bila wewe kukosea kitu. Dagaa waliosagwa, karanga zilizosagwa, na vitamini B za kuyeyusha kwenye maji hurekebisha ndani ya siku chache, ukiwahi kabla mifupa haijakaza.

Amelowa, anaelea chini

Bata mzima maji yanamteleza. Juu ya mkia ana tezi ya mafuta. Anachovya mdomo hapo na kujipaka mwili mzima. Ukiona manyoya yameshikana kama ya kuku aliyenyeshewa, na anatetemeka akitoka, mafuta yameshindwa. Ama maji ni machafu kupita kiasi, ama kuna sabuni au oili (siku hizi bodaboda huoshewa pale pale ukingoni), ama ana njaa ya muda mrefu. Mtoe, muogeshe kwa maji safi ya vuguvugu, akiwa na oili tumia sabuni ya vyombo kidogo na uisuuze yote, mkaushe, mkalishe ndani wiki mbili tatu na beseni safi la kuogea. Anajitengeneza mwenyewe.

Walioachwa kwenye mikoko au ufukweni wana shida yao: maji ya kunywa. Bata wa kufugwa hahimili chumvi kama ndege wa baharini, na kinda hufa nayo haraka. Akipepesuka na kulegea huku maji yamemzunguka, mpe maji baridi (yasiyo na chumvi) kidogo kidogo, kisha mwondoe huko.

Shingoni hana manyoya

Jike kanyonyoka kisogoni, pengine mpaka damu, na kila akishuka majini anafukuzwa. Hesabu madume. Wale weupe, dume ana unyoya uliojikunja juu ya mkia, na anayepiga kelele kubwa ni jike. Dume mmoja anahitaji majike wanne au watano. Watu hubaki na majike wa mayai, wanakuja kutupa madume, kwa hiyo bwawani hesabu imegeuka: tuliwahi kuwa na madume saba na majike watatu, na jike mmoja alizamishwa mpaka akafa, mchana, watu wakiangalia. Dawa ya kidonda ipo, lakini ukimrudisha kule kule umemwosha tu kwa ajili ya wengine. Punguza madume. Ukiona kitu cha waridi kinaning'inia nyuma ya dume, ni uume ulioshindwa kurudi. Uoshe, usiuache ukauke, mpeleke siku hiyo hiyo.

Vifaranga wanapungua kila siku

Kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na sasa pwani yote ni yao. Asubuhi jike ana vifaranga tisa, adhuhuri watano. Anayebaki huchukuliwa na kenge, nguchiro, au kambale mkubwa kutoka chini. Kuwalinda siwezi, na bwawa halihitaji bata zaidi, kwa hiyo ninafanya lisilopendeza: natoa mayai mapema, kabla jike hajaanza kuatamia. Akishaatamia una siku 28 kwa wale weupe, 35 kwa wale wa uso mwekundu, na ukichelewa ndani yake tayari kuna kiumbe. Mwachie moja mawili ili asihame kiota akataga mafichoni. Mayai ya bwawani sisi hatuyali.

Wamekufa wengi kwa siku moja

Usiguse, usichinje "kabla hawajafa", usiruhusu mtu auze. Sumu ya tope huua kwa siku kadhaa na wagonjwa unawaona wakilegea. Wakilala kumi wazima ukaamka kumi wamekufa, inaweza kuwa mafua ya ndege, tauni ya bata, au mtu katupa sumu ya mashamba. Mwite afisa mifugo wa kata, piga picha kutoka mbali, zuia watoto na mbwa mpaka afike.

Na hata bata anayeonekana mzima asiende moja kwa moja kwenye banda lako la kuku. Anaweza kubeba kideri bila kuumwa, kuku wako wakaisha wiki moja na yeye anakutazama. Mtenge wiki nne, chombo chake cha maji kiwe chake, na uwahudumie kuku kwanza kabla ya kwenda kwake.

Kumhamisha

Huo ndio mwisho wa karibu kila mgonjwa niliyemtaja, kwa sababu ukimponya na kumrudisha umemwandalia ugonjwa unaofuata. Tafuta mwenye uzio, maji anayoweza kuyabadilisha, na banda la kufunga usiku. Muulize mapema kama anafuga au anachinja. Majibu yote mawili ni halali, lakini lijue kabla hujambebesha tenga. Wahamishe wawili wawili, bata wa peke yake hunyong'onyea.

Wale watatu weupe wako Pongwe kwa mzee mwenye bwawa la samaki, wawili wanataga. Yule jike wa mshipi anachechemea kidogo wakati wa baridi lakini anaogelea. Dume mwenye uso mwekundu ametushinda: mara mbili tumemzingira kwa chandarua, mara mbili amepaa mpaka juu ya bati la mama lishe, akasimama pale akivuja pumzi. Asubuhi anashuka kula chenga pamoja na kuku wa watu.